Injini Ikiwa Hewani

…na akisema sasa, akitamka tu kwamba Baba Igoki, mimi leo ninarudi Nkubu na mama, mtu mwenyewe amelala chali chini ya gari, giaboksi iko juu ya kifua chake imeshikwa na jeki moja ya kuazima, injini nzima inaning'inia kwa mnyororo wa mchinjaji, si atashtuka, si mkono utateleza, halafu iwe yeye Kajuju ndiye aliyemvunja mtu mbavu kwa maneno, hapana, maneno hayo yangoje, yangoje injini ikae mahali pake na bolti zikazwe na mtu atoke huko chini anywe chai, ndipo aambiwe, neno zito mtu huambiwa akiwa ameketi… lakini akishakunywa chai gari la mchana la Nkubu litakuwa limekwenda, na mama amesema hawezi kulala usiku mwingine, ng'ombe amemwachia jirani na jirani huyo hukamua kwa haraka, kwa hiyo ni leo, ni kabla ya chakula, na jua limeshapanda juu ya uwanja wa Kinoru na injini bado iko hewani. "Shusha kidogo," sauti ya Nthiga, mumewe, ikatoka chini, "kidogo tu, kama mtu anaweka yai," na Kobia, jirani yao, ambaye ndiye aliyeshika mnyororo, akacheka na miraa shavuni, "Yai la chuma, wewe Muembu, hebu nionyeshe kuku aliyetaga hili nimpe pole," na mnyororo ukalia kra, kra, injini ikashuka upana wa kidole, Kajuju akaisikia ikimsukuma viganjani kama ng'ombe anayetaka kupita mlangoni, akajiegemeza kwenye madigadi, akaizuia, kwa sababu kazi yake ndiyo hiyo, kuizuia isiyumbe, na kuiinamisha mkia ili ikutane na giaboksi, "Mama Igoki, mkia chini, pua juu," na yeye anainamisha, mkia chini, pua juu, tangu asubuhi anafanya hivyo na mikono yote miwili ina mafuta hadi kwenye viwiko na hakuna mkono uliobaki wa kufuta jasho, na jasho linaingia machoni, akilia hakuna atakayejua kwamba ni kulia.

Mnyororo ni wa Idrisi, yule wa bucha ya karibu na msikiti, huwa anainulia fahali wake kwa huo, na Nthiga alipokwenda kuuomba hakusema hapana wala hakuuliza utarudi lini, aliuosha kwanza kwa maji ya moto na sabuni ya unga, akausugua kwa brashi, akausuuza tena, ili mafuta ya nyama yasivute mbwa kwenye boma la watu wenye mtoto, akauleta mwenyewe begani na kusema, "Huu umezoea kubeba kitu kilichokufa, nyinyi mnaupa kitu cha kufufuka, msiuaibishe," halafu akaonya kwamba meno ya kapi lake yamechoka, ukiachiliwa huteleza, lazima mtu aushike wakati wote, na kwa hiyo Kobia ameushika, ameacha duka lake likiwa na mke wake, na tangu asubuhi hajaomba hata maji… watu wazuri wako wengi, Kajuju akawaza, ukiwa na macho unawaona kila siku, yule mama wa mahindi anayekuongezea gunzi moja kwa sababu una mtoto mgongoni, mwalimu Kaburu anayesimama barabarani na fimbo yake ili watoto wavuke, Zuleka wa nyumba ya pili, ambaye usiku ule wa homa… hapana, usiku ule asiufikirie sasa, injini itamponyoka… lakini ukishasema usifikirie umeshafikiria, mtoto alikuwa anawaka kama mkate uliotoka motoni, yeye Kajuju alikuwa anahangaika na jiko na maji na dawa, mikono miwili haitoshi kwa mambo matatu, akamwambia Nthiga mshike, mshike tu kidogo nimimine maji, na Nthiga akasimama mlangoni, kofia mkononi, akitazama sakafu, akasema, "Ngoja," akatoka mbio kwenye mvua akarudi na Zuleka, mwanamke wa watu aliyekuwa ameshalala, kanga kichwani, akaingia akasema bismillahi, akamchukua mtoto akambembeleza mpaka akatulia, na baba mtu akaenda tena mbio kutafuta dawa, akagonga duka mpaka wakafungua, akarudi amelowa mpaka mifukoni, lakini mtoto hakumgusa. Hakumgusa. Jirani aamshwe kitandani kuliko yeye kunyoosha mikono. Asubuhi yake ndipo Kajuju alipompigia mama simu, akalia tu kwenye simu, na mama hakuuliza kitu, alisema, "Nitakuja kuona mtoto," na akaja, na ndizi na viazi vikuu na kuku aliyefungwa miguu, na mpaka leo hajauliza, anangoja, Kajuju anajua kwamba anangoja, anangoja asikie neno moja tu, twende.

"Simama!" Nthiga akapaza sauti. "Hapo hapo. Nani anatingisha?" "Ni mimi," Kajuju akasema. "Umechoka?" "Hapana." "Ukichoka useme tupumzike." "Sijachoka," akasema, na Kobia akamtupia jicho, akasema kwa sauti ya chini, "Mama Igoki, sisi tukimaliza hii kazi mimi nitakuwa wa kwanza kupanda, nataka watu wa mjini wanione nimekaa chini kama nyoka," na Nthiga akasikia, akajibu kutoka kule chini, "Wewe na hiyo miraa yako utaharibu viti," "Afadhali miraa, wewe unakula muguka, majani ya mbuzi," "Mbuzi wa kwetu wana nguvu, ndiyo maana unashika mnyororo na mimi ninashika giaboksi," wakacheka wote wawili, na Kajuju naye mdomo ukataka kucheka akauzuia, kwa sababu mtu hawezi kucheka na watu saa hii halafu saa ijayo afunge nguo… kwani ni gari gani hili, jamani, gari la milango miwili, jekundu lililogeuka rangi ya nyanya iliyooza, mwenye nalo alikuwa ameliacha nyuma ya kinu cha kusaga kule Kianjokoma kwao Nthiga, kuku walikuwa wanatagia kwenye kiti cha dereva, injini ilikuwa imepasuka kwa kukosa maji na mwenyewe kukosa subira, na Nthiga akalitazama kama mtu aliyekutana na rafiki wa shule, akalivuta kwa kamba mpaka Meru, na alipoulizwa kwa nini hakutafuta gari la kubeba mizigo kama watu wenye akili, alisema, "Hili linakaa chini, halijivuni." Basi. Na injini aliyoipata ni ya gari lililokuwa likibeba ndengu Siakago, nzima kabisa, gari lenyewe ndilo lililobondeka kwenye mto mkavu, kwa hiyo mtaa wote umeshapata la kusema, gari la mbio lenye moyo wa kubeba ndengu, na Nthiga anawaambia kwamba moyo wa kubeba ndengu ndio unaofika. Ni mtu wa maneno mazuri, hilo hawezi kumnyima. Hampigi. Halewi. Mshahara wa kuendesha lori la duka la simenti anauleta nyumbani bila kuulizwa. Angekuwa mlevi ingekuwa rahisi, mtu angejua anaacha nini.

Lakini aliiweka injini sebuleni. Mvua zilipoanza alisema itashika kutu, akaiingiza ndani akisaidiwa na Kobia, wakaiweka juu ya magunia kati ya kochi na meza, akaifunika shuka, shuka la maua ambalo Kajuju alipewa na wanawake wa kanisa, na mwezi mzima walikula pembeni ya injini, wageni waliokuja kumwona mtoto waliweka vikombe juu yake wakidhani ni meza, na jioni Nthiga aliifunua na kuifuta kwa kitambaa na mswaki, mswaki mdogo kwenye vishimo, taratibu, akiisemesha, na Kajuju akiwa anamnyonyesha mtoto akawaza, angalia, angalia anavyoishika. Injini anajua kuishika. Na mtoto naye, kama aliyetaka kumcheka mama yake, siku moja alitambaa mpaka kwenye ile injini, akashika shuka, akajivuta, akasimama, mara yake ya kwanza duniani kusimama alishika chuma cha ndengu, na Nthiga ndiye aliyeona, akatoka nje akiita, "Mama Igoki, njoo uone, njoo uone amesimama," na walipoingia mtoto alikuwa bado amesimama, magoti yanatetemeka, na baba mtu akasimama hatua tatu kutoka kwake, mikono nyuma, akitabasamu mpaka machozi, na hakumshika. Angeanguka je. Mtu gani huyo anayeona mtoto wake amesimama kwa mara ya kwanza na mikono yake iko nyuma. Na mtoto akiogeshwa, anatoka nje, hata mvua inyeshe anatoka. Na akilazwa kwenye mkeka, Nthiga hapiti juu ya miguu yake kuchukua redio, anazunguka meza yote, anajibana ukutani kama anayepita kando ya shimo. Mikono yangu ina mafuta, anasema. Jumapili haina mafuta, akitoka kuoga haina mafuta, lakini anasema.

"Kobia, shusha tena, pole pole… simama. Mama Igoki, sukuma kwangu." Akasukuma. Kitu ndani kikagusa kitu, sauti ya jino kwa jino, kisha kikakataa, na Nthiga akapumua kwa nguvu kule chini, "Karibu, imekaribia kabisa, inaona haya tu kuingia," na Kobia akasema, "Imetoka joto la Siakago, haijazoea baridi," na Kajuju akageuza uso kidogo atafute hewa, na hapo ndipo alipouona mlango wa nyumba, na mlangoni hakukuwa na mama, kulikuwa na mtoto. Igoki mwenyewe, amevaa fulana bila kitu kingine, anashuka kizingiti kinyumenyume kama fundi anayeshuka ngazi, mguu mmoja, mwingine, akageuka, akatazama ua wote, akaona gari, akaona watu, akacheka, akaanza kutambaa. "Mama!" Kajuju akaita. "Mama, mtoto!" "Nini?" Nthiga akauliza. "Usitoke! Mtoto ametoka nje, usijisukume," na Kobia akasema, "Mimi nikiachilia hapa inateleza," "Usiachilie," "Siachilii," na yeye mwenyewe akiondoa mikono injini itayumba, itagonga giaboksi, na giaboksi iko juu ya kifua cha mtu, kwa hiyo watu wazima wote watatu wamefungwa, na anayetembea ulimwenguni ni mtoto wa miezi tisa peke yake.

Na mama akatokea mlangoni, unga wa chapati mkononi, akaona, akasimama. Kajuju alijua kwa nini amesimama. Pale uani, chini ya gari, kuna mkwe wake amelala chali, tumbo wazi, shati limepanda, miguu imetokeza upande wa mlango wa dereva, na tangu Kajuju aolewe mama hajawahi kukaa sehemu moja na Nthiga, wala kula naye, wala kumtazama usoni, ni ile nthoni, heshima ya mkwe na mama mkwe, huko Embu wanayo na huku Meru wanayo, hapo angalau nyumba zao mbili zinaelewana, siku zote hizi Nthiga akirudi kazini anakohoa akiwa bado barabarani, na mama akisikia kikohozi anachukua kikombe chake anahamia jikoni, na wakitaka kuambiana jambo linapitia kwa Kajuju, mwambie huyo mtu chai iko, mwambie mama asante, ukuta mmoja katikati, na Kajuju amekuwa akiwaza kwamba heshima ni pazia zuri sana, nyuma yake watu wanaweza kuchukiana miaka kumi na hakuna atakayejua… amekuwa na hakika kwamba mama hampendi. Muembu, gari bovu, injini sebuleni. Nani angempenda. Lakini mama akafuta unga, akavuta leso kutoka kiunoni akajifunika kichwa na upande mmoja wa uso, upande wa gari, akashuka uani kwa ubavu, mgongo kwa mkwe, anatembea kama mtu anayepita kwenye upepo wenye vumbi, polepole mno, na mtoto hakuwa na upepo wala mkwe, mtoto alishafika. Alifika kwenye zile suruali za kazi, akazinusa, akashika goti, akajivuta. Akasimama. Amesimama ameshika goti la baba yake kwa mikono miwili, kama alivyoshika injini, na kupiga kelele ya furaha.

Lile goti halikutikisika. Kajuju aliliona kwa macho yake, mguu wa mtu ulivyogeuka nguzo, hata vidole ndani ya kiatu vilisimama, na sauti ikatoka chini, si ile ya shusha wala ile ya muguka, sauti nyingine ndogo, "Mama Igoki. Nani amenishika?" "Ni yeye." "Amesimama?" "Amesimama." "Basi nisipumue," akasema, na kweli hakupumua, halafu akasema kwa Kiembu, akiwa bado hajapumua vizuri, akimwambia mtoto, mami, samahani, umenikuta nimelala vibaya. Mami. Humwita hivyo siku zote, mama, Kajuju amezoea, watu wengi humwita mtoto wa kike mama, hata yeye humwita hivyo akimbembeleza, hakuwahi kusikia ndani yake kitu… samahani, umenikuta nimelala vibaya. Nani humwomba mtoto msamaha kwa kulala vibaya? Na mama, ambaye alikuwa ameshafika hatua mbili kutoka kwa gari na kusimama hapo, mgongo kwa mkwe, uso kwa ukuta wa jirani, leso mkononi imekaza, hakumkimbilia mtoto kumtoa. Alisema tu, kwa Kimeru, kwa sauti ya mtu anayesema na ukuta, "Kajuju. Mwambie huyo mtu asiogope. Mwambie mama yake amesimama vizuri, haanguki."

Mama yake. Hakusema mtoto wake. Na Nthiga akajibu, "Mwambie nimesikia, mwambie asante sana," na Kajuju akasema, "Amesikia, mama, anashukuru," na Kobia hakuweza kujizuia, "Hapa simu zote hupitia kwa mama Igoki, na mnakaa mita mbili," lakini hakuna aliyecheka, na Kobia akarudisha macho kwenye mnyororo… mama yake. Kwa sababu Igoki ni jina la mama wa Nthiga, yule wa Kianjokoma, aliyezikwa mwaka mmoja kabla Kajuju hajaingia katika nyumba hiyo, msichana wa kwanza hupewa jina la mama wa mume, Kajuju alijua, alikubali, aliandikisha mwenyewe, kwake lilikuwa jina. Amepewa jina, imekwisha, ni mtoto wangu. Kwa Nthiga haikuwa imekwisha. Na mambo yakaanza kumjia moja moja, hayakumwomba ruhusa, ile siku ya tatu baada ya kutoka hospitali Nthiga aliingia na kilo ya sukari na majani ya chai, akaviweka kando ya kichwa cha mtoto aliyezaliwa juzi, na Kajuju alicheka mpaka mshono ukamuuma, sukari ya nini, hana hata jino, na Nthiga akaona haya akaipeleka jikoni… mtu akienda kumwona mama yake huenda mikono mitupu? Ile blanketi ya mtu mzima aliyomnunulia mtoto. Ile namna ya kusema hodi kwenye nyumba yake mwenyewe kama mtoto yuko macho. Kofia mkononi. Haivai mbele yake, hata siku ya baridi, akiingia anaivua, na Kajuju akadhani ni joto la jiko. Na mwanamume mzima ambaye ameshapashwa tohara, mama yake akiogeshwa atakaa pale atazame? Atamruka miguu achukue redio? Atamshika amgeuze, amfungue nguo, mama yake mzazi? Usiku wa homa hakuwa anakimbia mtoto, alikuwa anamwona mama yake anawaka tena, alishamwona anawaka mara moja akafa, akasimama mlangoni kama kijana asiyejua kama anaruhusiwa kuingia, akaenda kumtafuta mwanamke. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Hata huko kwao watu hubeba watoto wenye majina ya mama zao, huwarusha juu wakacheka, ni yeye tu, ni huzuni yake ilivyojikunja ikavaa nguo za heshima, na hakusema, na yeye Kajuju hakuuliza, alikuwa anahesabu mikono.

Na mama aliona. Kwa kukaa jikoni na kusikiliza vikohozi, bila kumtazama mtu usoni hata mara moja, aliona, kwa sababu mama anaijua kazi hiyo, kumpenda mtu na kumpa mgongo. Tazama anavyosimama, jua la utosini, mguu wake mbaya unamuuma hapo aliposimama, angeweza kurudi mlangoni, hataki kurudi kwa sababu mtoto akianguka anataka awe karibu, na hataki kugeuka kwa sababu mkwe wake tumbo liko wazi. Amesimama katikati ya mambo mawili. Kumbe hivyo ndivyo heshima inavyoonekana kutoka nje. Kumbe si ukuta. Hasira ya Kajuju ilitafuta mahali pa kukaa haikupata, ikabaki inazunguka, kwa sababu bado ilikuwapo, msidhani haikuwapo, miezi tisa ya kubeba peke yake, kuoga na mtoto yuko kwenye karai akilia, kula kwa mkono mmoja, heshima yote hiyo imewekwa kwa mtu asiyejua kusema hata maji na yeye ndiye aliyekuwa anachoka. Mtoto hataki heshima. Tazama anavyomshika goti, anataka kupanda.

"Kajuju," mama akasema tena, kwa Kimeru, bado kwa ukuta, na sauti yake ilikuwa ya kawaida, kama anayeuliza chumvi iko wapi. "Saa inakwenda. Nguo za mtoto niziweke kwenye begi?"

Basi amelisema yeye. Hakungoja asikie twende, ameuliza, na ameuliza hapa, mbele ya gari, na Kiembu na Kimeru haviko mbali kiasi hicho. Spana ya Nthiga iliyokuwa inagusa chuma, ti, ti, ti, ikaacha. Kobia akatazama juu kwenye fundo la mnyororo kama mtu anayesoma hapo. Na Kajuju akaona kwamba anaweza kusema ndiyo. Ndiyo yenyewe ilikuwa bado mdomoni, tayari tangu asubuhi, ni kuifungulia tu, wiki mbili Nkubu, mwezi, kulala mpaka jua litoke, mama ampikie uji, na huku mtu abaki na gari lake na kofia yake mkononi, amvulie nani… na mtoto akirudi atakuwa anatembea, na atakuwa bado hajashikwa.

"Hapana, mama," akasema. "Weka zako tu."

"Haya," mama akasema. Hakugeuka. Lakini mabega yake yakashuka kidogo, kama mtu aliyetua ndoo.

"Mama Igoki," Nthiga akauliza kutoka chini, kwa Kiswahili, polepole, kama anayepapasa gizani. "Nguo za mtoto zilikuwa zinaenda wapi?"

"Haziendi popote."

 Nthiga akapumua, na goti likapanda na kushuka pamoja na pumzi yake, na mtoto akapanda na kushuka nalo na akacheka. Injini ikaanza kuyumba, Kajuju akaibana kwa tumbo na kifua, moto wa jua umeingia kwenye chuma kama kwa mnyama aliye hai, na akawaza atasema vipi, hataki kumwondolea mtu mama yake, hataki kumcheka tena kama siku ile ya sukari, na hakuna maneno ya shule kwa jambo kama hili, kwa hiyo akasema lililokuwa karibu. "Baba Igoki. Amekushika, na wewe mshike."

"Mikono yangu, Mama Igoki. Ina mafuta yote ya Siakago."

"Ataoshwa."

"Nikimchafua…"

"Ni mtoto. Atachafuka, ataoshwa. Utamwosha wewe."

Kobia akakohoa, akataka kusema kitu, akakitafuna pamoja na miraa. Mama akavuta leso vizuri, akarudi hatua moja nyuma kwa mgongo, kumwachia mtu nafasi. Na mkono ukatoka chini ya gari, mweusi hadi kwenye kifundo, kucha zote nyeusi, ukaja ukipapasa kwa sababu mwenyewe haoni, ukafika karibu na ile fulana nyeupe, upana wa kiganja tu, ukasimama hapo hewani, umefunguka, na mtoto akautazama, akauchunguza kidole kwa kidole, na Kajuju akaikumbatia injini isiyumbe, mkia chini, pua juu, na hakumhimiza yeyote.